Kutanuka kwa mawanda ya mafunzo kazini

Mawanda ya mradi ni mipaka ya kazi iliyokubaliwa: nini kitafanyika, kwa ajili ya nani, kwa muda na fedha kiasi gani. Mawanda hutanuka pale kazi mpya zinapoingizwa bila kuongeza muda, watu wala bajeti. Kila nyongeza huwa ndogo, tena ya maana, ndiyo sababu ni vigumu kuikataa.

Chukua hospitali binafsi ya Tanzania inayoandaa semina ya siku moja kwa wahudumu wa mapokezi kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lengo ni moja: mtu akipiga simu kuulizia majibu ya vipimo vya mgonjwa, mhudumu ajue la kumjibu. Hadidu za rejea, yaani hati inayoeleza kazi iliyokubaliwa na mipaka yake, zinasainiwa. Baadaye mkuu wa TEHAMA anaomba mada ya nywila, "nusu saa tu". Rasilimali watu wanataka utaratibu mpya wa likizo uguswe, maadamu watu watakuwa wamekusanyika. Mkurugenzi naye anasema madereva waje. Siku yenyewe mwezeshaji anakimbiza slaidi, na kinachokatwa ni zoezi la vitendo, yaani ile simu. Washiriki wanarudi kaunta wameisikia sheria, ila hawajaijaribu hata mara moja. Kwangu hasara hii ni kubwa kuliko ya fedha.

Kinga ya kwanza ni kuandika mapema yasiyohusika. Hadidu nyingi hutaja mada zitakazofundishwa, zikanyamazia zilizobaki. Sentensi moja tu, "Semina hii haitagusa nywila wala taratibu za utumishi", huokoa mabishano mengi. Pili, ateuliwe mtu mmoja wa kuidhinisha mabadiliko, na kila ombi lije kwa maandishi. Mkuu wa TEHAMA hana haja ya kukataliwa, aonyeshwe bei ya ombi lake: "Mkuu, nusu saa itapatikana, lakini itatoka kwenye zoezi la simu. Au tuongeze nusu siku, gharama zake ni hizi. Tufanye lipi?" Mengine yawekwe kwenye orodha ya awamu ya pili.

Kuna nyongeza zinazostahili. Ikibainika kuwa madereva ndio wanaobeba mafaili ya wagonjwa kati ya matawi, wana kila sababu ya kuwamo. Basi hadidu zirekebishwe, tarehe na bajeti zisogee nazo, zisainiwe upya kabla mwezeshaji hajagusa slaidi hata moja.