Je, wajua kwa nini oili ya gia ya mashine ya boti hugeuka nyeupe kama tui?

Unafungua skrubu ya chini kwenye mguu wa mashine, karibu na propela, ukitarajia oili ya rangi ya asali. Kinachoteremka ni kitu cheupe na kizito, mfano wa tui la kwanza. Mara ya kwanza nilipokiona, kwenye mashine ya nguvu za farasi 15 ya mjomba wangu huko Kilwa, nilimwambia bila kusita kwamba injini imekwisha: gasketi ya kichwa, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na silinda, imeungua na maji yamefika kwenye pistoni. Akaanza kutafuta fundi wa kufungua kichwa. Nilikuwa nimekosea kabisa, na kwa kuwa kosa hilo nimelisikia kwa wengi tangu siku ile, naanza nalo.

Mashine ya boti ni kama nyumba ya vyumba viwili visivyo na mlango kati yao. Juu, chini ya kofia, ndiko kwenye pistoni na plagi. Chini kabisa, ndani ya maji, ndiko kwenye gia boksi lenye oili yake lenyewe. Kinachounganisha vyumba hivyo ni shafti ndefu inayoshuka ndani ya mguu. Oili ya gia haipandi juu, wala oili ya juu haishuki. Isitoshe, mashine za kuchanganya oili na petroli, ambazo wavuvi wengi wa pwani yetu wanazo, hazina kabisa oili iliyotuama huko juu. Huingia pamoja na petroli ikaungua. Kwa hiyo weupe unaotoka kwenye gia boksi hauwezi kuwa ushahidi wa gasketi ya kichwa. Kwenye mashine za mipigo minne kuna kijiti cha kupimia oili ya injini, na weupe ukionekana hapo ndipo unapoulizia gasketi, au mashine isiyopata moto wa kutosha hata mvuke ukageuka maji ndani yake. Swali la kwanza, basi, ni hili: weupe umetoka tundu lipi?

Kuna kosa la pili, nalo lina mantiki zaidi. Watu husema bahari imeyasukuma maji ndani kwa nguvu. Lakini gia boksi huwa kama nusu mita tu chini ya maji, na msukumo wa kina hicho ni mdogo. Kinachotokea ni cha ajabu kuliko hicho: gia boksi lenyewe ndilo linaloyavuta maji.

Fikiria hotpoti ya wali. Umetia wali wa moto, umefunika, na baada ya muda kifuniko kinagoma kufunguka. Hewa na mvuke wa ndani umepoa na kusinyaa, na hewa ya nje inakikandamiza. Gia boksi hufanya vivyo hivyo. Mashine ikitembea, gia hupata moto, oili hutanuka, na hewa kidogo iliyobaki juu yake hubanwa. Sili, yaani pete ya mpira inayobana shafti, ikichoka huachia, hewa na pengine tone la oili vikatoka. Unafika, unazima. Mguu bado umo majini na unapoa upesi. Ndani kunasinyaa, gia boksi linataka kuvuta pumzi, na kilicho mlangoni ni maji ya chumvi.

Tupige hesabu. Hewa ya ndani ikipoa kutoka nyuzi 60 hadi 30 za Selsiasi, mgandamizo wake hushuka kwa karibu asilimia 9, sawa na uzito wa maji ya kina cha karibu mita 0.9. Mvuto huo unazidi ile nusu mita ya bahari. Joto halisi hutegemea mzigo na mwendo, na gia boksi lililojazwa barabara lina hewa kidogo, kwa hiyo kila safari huingia matone tu. Lakini matone ya safari nyingi ndiyo yanayojaza kikombe.

Pete hiyo ina mdomo mwembamba unaobana shafti, ukisaidiwa na springi ndogo ya mviringo. Mdomo huo ni kama mlango wa kufunguka upande mmoja: ukisukumwa huku hubana zaidi, ukisukumwa kule huinuka. Ndiyo maana kwenye mashine nyingi shafti ya propela ina sili mbili. Adui yao mkubwa kwetu ni mshipi wa kuvulia samaki. Hujizungusha nyuma ya propela, mahali usipouona, ukajikata ndani ya mpira. Kwa mjomba ndiko tulikoukuta.

Weupe wenyewe unatokana na gia kuyapiga maji hadi yakawa vitone vidogo mno vinavyotawanya mwanga. Tui ni vitone vya mafuta ndani ya maji. Huku ni maji ndani ya mafuta. Tahadhari moja: mapovu ya hewa nayo huipausha oili. Iache kwenye chupa safi usiku kucha. Ya mapovu hurudi kung'aa. Ikibaki na ukungu, dondosha tone moja kwenye bati la moto, uso ukiwa mbali. Ikichachatika, ina maji.

Kubadilisha oili peke yake hakuzibi tundu. Mwaga oili, kisha tia upepo kwa pampu ya mkono yenye geji, usizidi bar 1, na uzamishe gia boksi kwenye beseni kama fundi baiskeli anavyotafuta pancha. Zungusha shafti polepole huku ukitazama mapovu. Anza na gasketi ndogo za skrubu mbili za oili, maana ni rahisi na husahauliwa. Yasipotokea mapovu, usiridhike haraka: upepo unasukuma mdomo wa sili kutoka ndani, ilhali bahari huingia kutoka nje, kwa hiyo jaribu pia kuvuta hewa. Na ukikuta shafti imechimbika mfereji mahali sili inapokaa, sili mpya nayo itavuja.

Oili mpya huingizwa kwa tundu la chini hadi itoke la juu bila mapovu. Funga la juu kwanza, ndipo la chini. Baada ya safari chache, acha mashine isimame wima usiku kucha, kisha asubuhi legeza skrubu ya chini kidogo tu, ya juu ikiwa imefungwa. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama bado yanaingia, mara nyingi tone la kwanza ndilo litakalokuonyesha.