Esma Redžepova: Kiromani kinapopanda jukwaani

Kati ya waimbaji wote wa Balkani, kusini-mashariki mwa Ulaya, ninaowafundisha, Esma Redžepova ndiye ninayemrejea mara nyingi zaidi, kwa sababu aliifanya Kiromani, lugha ya Waroma, watu wenye asili ya India waliotawanyika Ulaya na kudharauliwa huko, isikike redioni bila kuificha wala kuiombea radhi.

Alizaliwa Skopje, Makedonia, tarehe 8 Agosti 1943, katika familia ya Waroma wasio na uwezo. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1950, akiwa bado mwanafunzi, alishiriki shindano la vipaji la Redio Skopje, akaimba kwa Kiromani, akashinda. Ushindi huo haukuwa jambo dogo. Waroma walikuwa wakialikwa kupiga zurla, aina ya zumari, na ngoma kubwa za tapan katika harusi za majirani, lakini lugha yao ilihesabiwa kuwa ya nyumbani na mitaani tu. Tena, miongoni mwa Waroma wenyewe, binti kuimba hadharani ilikuwa fedheha kwa ukoo.

Aliyewashawishi wazazi wake ni Stevo Teodosievski, mpiga kodiani na kiongozi wa bendi, Mmakedonia asiye Mroma, aliyemzidi Esma kwa karibu miaka ishirini. Alimfundisha kazi ya jukwaa, wakahamia Belgrade, na mwaka 1968 wakafunga ndoa.

Anayetaka kumfahamu aanze na "Čaje Šukarije", wimbo alioutunga mwenyewe akiwa msichana. Sikiliza anavyoishika irabu moja, akaivuta, akaitetemesha na kuipitisha katika nukta ndogo zilizo kati ya sauti na sauti, kabla ya kuikata ghafla ili ala zipokee. Mpenzi wa taarabu hatajiona mgeni hapo: muziki wa mjini wa Makedonia ulilelewa chini ya dola ya Uthmaniya, na mapambo yake ya sauti yana undugu na yale yaliyofika Unguja kupitia Misri. Katika "Hajri Ma Te Dike" anakwenda mbali zaidi, analia kwa kwikwi ndani ya wimbo.

Wako wanaosema kwamba machozi hayo, pamoja na mavazi yake ya kung'aa, yaliwauzia wasio Waroma picha waliyokwisha kuizoea. Hoja hiyo ina uzito, kwani Stevo alipanga maonyesho kwa makini na alijua watazamaji wanataka nini. Hata hivyo naona haimtendei haki, maana picha hiyo ilikuwapo kabla yake, naye aliijaza ufundi ambao hakuna aliyeweza kuupuuza. Waroma wenyewe hawakumwona kama pambo: mwaka 1976, katika tamasha la muziki wao lililofanyika Chandigarh, India, alitawazwa malkia wa muziki huo.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote aliifanya nyumbani kwake. Yeye na Stevo waliwalea watoto 47, wengi wao kutoka familia maskini, na kuwafundisha muziki hadi wakaweza kujitegemea. Stevo alifariki mwaka 1997, lakini Esma hakuiacha bendi. Mwaka 2013 aliiwakilisha nchi yake katika Eurovision, shindano la nyimbo la nchi za Ulaya, huko Malmö, Sweden, akiwa na Vlatko Lozanoski, hawakufika fainali. Alifariki Skopje tarehe 11 Desemba 2016. Katika miaka hiyo ya mwisho, aliyempigia kodiani jukwaani, katika nafasi ya Stevo, alikuwa Simeon Atanasov, mmoja wa wale watoto.