Gosipiboma: pamba iliyosahauliwa na boma linaloizunguka

Kuna neno moja la upasuaji ambalo Mswahili akilisikia lazima ageuze shingo. Neno lenyewe ni gosipiboma. Nusu yake ya kwanza ni Kilatini: Gossypium, jina la kisayansi la mpamba, huohuo unaolimwa Simiyu na Shinyanga. Nusu ya pili, kwa maelezo ambayo makala za kitabibu zimeyarudia miaka nenda miaka rudi, ni Kiswahili: boma. Waandishi wa makala hizo wanasema boma kwa Kiswahili ni "mahali pa kufichia kitu".

Sisi tunajua si hivyo. Boma ni ua wa miiba uliozungushwa kuwalinda ng'ombe, ni ngome, ni ofisi ya mkuu wa wilaya iliyorithiwa tangu enzi za Mjerumani. Ndiyo maana Tanzania mtu aliyefunga ndoa serikalini anaambiwa kafunga ndoa ya bomani. Maficho gani hayo, na kila mtu analijua boma lilipo! Wapo pia wanaosema neno hili halina Kiswahili hata chembe, kwamba mwisho wake ni ile -oma ya Kigiriki iliyomo katika lipoma na fibroma, yaani uvimbe. Sawa, lakini ile b imeingilia mlango gani? Mimi naegemea boma, tena boma letu wenyewe la miiba, kwa sababu ukifuata kinachotokea mwilini utaona neno limekaa mahali pake kuliko walivyokusudia hao wenye makala.

Gosipiboma ni kitambaa cha pamba kilichosahauliwa ndani ya mwili wa mgonjwa wakati wa upasuaji, pamoja na uvimbe unaojijenga kukizunguka. Mkasi au sindano iliyobaki tumboni haiitwi hivyo. Hiyo ni chuma iliyosahauliwa tu, na eksirei moja inaiumbua. Shida ya pamba ni nyingine kabisa. Siku hizi baadhi ya madaktari hupendelea jina textiloma, kwa kuwa si vitambaa vyote vya upasuaji ni pamba tupu.

Watu huuliza: kitambaa kinasahauliwaje tumboni mwa mtu? Swali hilo huulizwa na mtu anayewaza kitambaa cheupe kwenye meza safi. Tumbo lililofunguliwa haliko hivyo. Kitambaa kinaingia kikiwa cheupe, na dakika haijaisha kimelowa damu, kimekuwa na rangi ya nyama iliyo jirani yake. Kikibanwa kinasinyaa na kuwa kama donge la damu. Utumbo wenyewe haukai, unateleza na kurudi juu ya chochote kilichowekwa nyuma yake. Ongeza hapo mgonjwa anayevuja damu, presha inashuka, daktari wa usingizi anasema fanyeni haraka, na vitambaa vinaingia vitano vitano. Kitambaa kimoja kikijipenyeza nyuma ya mji wa mimba au chini ya ini, macho hayakioni tena, na mkono wenye glavu hauwezi kukitofautisha na utumbo.

Tumbo likishashonwa, mwili unabaki na mgeni asiyeoza. Pamba ni selulosi, na binadamu hana kimeng'enya cha kuiyeyusha. Basi mwili unachagua moja kati ya mambo mawili.

La kwanza ndilo linalonifanya nilitetee boma. Kama kitambaa hakina vijidudu, mwili hukizungushia ukuta. Kwanza unamwaga utando unaonata, viungo vya jirani vinakuja kushikamana nacho, yaani utumbo na ule utando wa mafuta unaoning'inia mbele ya matumbo, kisha zinajengwa nyuzi ngumu za kovu pande zote mpaka kitambaa kinakuwa ndani ya ganda. Ni ua kamili, umezungushwa, umefungwa, na kilichomo hakitoki. Mgonjwa anaweza kuishi na boma lake miezi, miaka, hata miongo, bila kuhisi chochote zaidi ya kauzito kadogo upande mmoja wa tumbo.

La pili ni pale kitambaa kinapokuwa na vijidudu. Hapo ukuta haupati nafasi ya kukamilika. Usaha unajaa, homa inapanda siku chache au wiki chache baada ya upasuaji, kidonda kinagoma kufunga na kinatoa maji yenye harufu. Usaha ukitafuta njia unaweza kutoboa ngozi au utumbo. Zipo taarifa za kitabibu za vitambaa vilivyojipenyeza taratibu mpaka ndani ya utumbo, vikaziba njia ya chakula, na vingine vikatoka vyenyewe kwa haja kubwa. Vingine vimekutwa ndani ya kibofu.

Mgonjwa wa aina hii ya pili, kwa namna ya ajabu, ana bahati. Anarudi hospitali mapema, mshono bado mbichi, na kila mtu anaukumbuka upasuaji. Anayesumbua vichwa vya madaktari ni yule wa boma lililokamilika.

Tuseme ni mama wa miaka arobaini na kitu. Amekuja na uvimbe tumboni, hauumi sana, unasogea kidogo ukiubonyeza. Daktari akiwaza uvimbe wa mfuko wa mayai, hajakosea. Akiwaza saratani ya utumbo, hajakosea. Akiwaza kifua kikuu cha tumbo, katika nchi zetu hajakosea hata kidogo. Angekuwa ametoka Turkana, angefikiria pia mifuko ya maji inayoletwa na minyoo ya mbwa, maana huko ugonjwa huo una historia ndefu. Pamba iko mwishoni kabisa mwa orodha, au haimo. Kisha daktari anaona mstari hafifu wa kovu chini ya kitovu.

"Mama, umewahi kupasuliwa?"

"Zamani daktari, kwa mtoto wa pili. Huyo sasa yuko chuo."

Jibu hilo lina thamani kuliko vipimo vingi, na ndilo linaloachwa kusemwa, kwa sababu mgonjwa haoni uhusiano wa maumivu ya leo na mtoto aliye chuo. Upasuaji wa kujifungua na ule wa kutoa kizazi ni miongoni mwa zile ambazo gosipiboma hutajwa sana kufuatia.

Baada ya hapo ndipo picha zinasaidia. Vitambaa vilivyotengenezwa maalumu kwa upasuaji hufumwa pamoja na uzi au utepe wenye bariamu, ambayo eksirei haipiti. Kwenye picha utepe huo huonekana kama mstari mweupe uliojipinda-pinda, hauna umbo la mfupa wala la kitu chochote cha mwilini. Ukiuona, mjadala umekwisha. Lakini si kila hospitali ina vitambaa hivyo. Pale ambapo shashi inakatwa kutoka kwenye jora, inakunjwa kwa mkono na kuchemshwa kwa mvuke, uzi wa bariamu haumo, na eksirei itatoka safi huku kitambaa kimelala palepale. Altrasaundi huonyesha kitu kinachong'aa upande wa juu na kutupa kivuli kizito nyuma yake. CT skani ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi: donge lenye ganda, na ndani yake vipovu vya hewa vimenaswa kati ya mikunjo ya kitambaa, mfano wa sifongo. Hata hivyo vipovu hivyo hufanana na vya jipu, na wapo wagonjwa waliopelekwa kupasuliwa saratani, daktari akalipasua donge mezani akakuta pamba.

Neno lenyewe lina faida nyingine ambayo sipendi kuinyamazia. Ripoti ya picha ikiandikwa "huenda ni gosipiboma", mgonjwa akiisoma hataelewa chochote. Ikiandikwa "huenda ni kitambaa kilichosahauliwa mlipompasua", ataelewa yote, na wakili wake pia. Lugha ya kitabibu ina maneno mengi ya namna hii.

Tiba ni kukitoa. Mara nyingi ni kufungua tumbo tena, na kazi yake haiendi kwa urahisi unaoudhania, maana lile boma limejengwa kwa kushikamana na viungo vya watu. Utumbo ukiwa umegandamana na ganda, daktari analazimika kuutenganisha sentimita kwa sentimita. Ukitoboka, au ukiwa tayari umetobolewa na kitambaa, kipande kinakatwa na ncha mbili zinaungwa. Kitambaa kikigunduliwa mapema, kabla ukuta haujakomaa, wakati mwingine hutolewa kwa matundu madogo ya kamera. Kikiwa ndani ya utumbo, kuna wakati mpira wenye kamera hukifikia.

Kinga yake inaonekana ya kitoto: kuhesabu. Wauguzi wawili, mmoja aliyenawa na kuvaa glavu, mwingine anayezunguka chumbani, wanahesabu kwa sauti vitambaa vyote kabla kisu hakijagusa ngozi. Kila kinachoongezwa kinaandikwa ubaoni. Wanahesabu tena kabla ya kufunga mji wa mimba kama ulifunguliwa, tena kabla ya kufunga tumbo, tena mwishoni kwenye ngozi. Vilivyotumika havitupwi hovyo kwenye ndoo, vinatandazwa vionekane kimoja kimoja. Kitambaa hakikatwi vipande viwili hata pamba ikiwa adimu, kwa sababu kikikatwa hesabu inakuwa uongo. Idadi isipotimia, tumbo halifungwi mpaka kilichopotea kipatikane au eksirei ipigwe mgonjwa akiwa bado mezani.

Na bado vinabaki. Mwaka 2003 daktari mpasuaji Atul Gawande na wenzake wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 54 waliosahauliwa vitu 61 mwilini, zaidi ya nusu vikiwa vitambaa. Hatari ilikuwa kama mara tisa zaidi katika upasuaji wa dharura, na kama mara nne pale mpango ulipobadilika katikati ya kazi. Lililonishtua ni hili: katika asilimia 88 ya visa ambavyo hesabu ilifanyika, hesabu ya mwisho iliandikwa kuwa imetimia. Kama bunda liliingia na sita badala ya vitano na hakuna aliyeona, au viwili vilivyolowa vilishikana, karatasi itasema sawa na tumbo litasema vingine.

Hilo ni sehemu ya sababu Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2008 orodha ya ukaguzi wa upasuaji salama, yenye vipengele 19, ambapo kabla mgonjwa hajatoka chumbani muuguzi hutamka kwa sauti kwamba hesabu ya vifaa, vitambaa na sindano imekamilika. Orodha hiyo ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara, mkoani Morogoro. Kwa jumla ya hospitali hizo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo ya baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Upungufu huo haukutokana na kuhesabu vitambaa pekee.

Kuna hali moja inayofanana na gosipiboma lakini siyo. Mtu akipata ajali, ini likapasuka na damu ikagoma kusimama, daktari anaweza kulizungushia vitambaa makusudi, kulibana, kufunga tumbo kwa muda na kumpeleka chumba cha wagonjwa mahututi. Vitambaa hivyo hutolewa baada ya siku moja mpaka tatu, hali ikishatulia. Eksirei ikipigwa humo katikati itaonyesha mistari myeupe kadhaa iliyojipinda, na ndugu akiiona picha anaweza kuzua tafrani. Ndiyo sababu kwenye faili huandikwa wazi: vimewekwa vingapi, vimewekwa wapi, vitolewe lini.