Mikao Usui Hakusomea Chicago, na Reiki Haikutoka Tibet

Wiki iliyopita mama mmoja wa makamo alivua viatu vyake, akavipanga sawasawa chini ya kitanda cha tiba, na kabla hajalala akaniambia kwamba hana wasiwasi wowote, kwa kuwa binti yake amemsomea kwenye simu kuwa reiki, tiba ya Kijapani ya kuwekea mikono, ilianzishwa na Mkristo mwenzake, daktari wa Kijapani aitwaye Mikao Usui, aliyepata shahada huko Chicago. Nilimwomba aketi kwanza tuzungumze. Maneno hayo nimeyasikia kwa wagonjwa, kwa wanafunzi, na hata kwa walimu wenzangu ambao walipaswa kuwa wameyaacha miaka mingi iliyopita, na kila ninapoyasikia naona kwamba mtu anakabidhi mwili wake na imani yake kwa kutegemea jambo ambalo halikutokea.

Kisa chenyewe husimuliwa hivi. Usui alikuwa mkuu wa chuo cha Kikristo cha Doshisha mjini Kyoto. Siku moja wanafunzi wakamuuliza ni kwa namna gani Yesu aliponya kwa kuweka mikono. Akakosa jibu, akajiuzulu, akaenda Marekani kusoma katika Chuo Kikuu cha Chicago, kisha akarejea Japani na kulipata jibu mlimani. Ni kisa kitamu, na kina chembe za kweli zinazokifanya kiaminike, kwa sababu Doshisha ni chuo halisi kilichoanzishwa na Wakristo mwaka 1875. Hata hivyo, watafiti walipoviandikia vyuo vyote viwili kuuliza, hakuna hata kimoja kilichokuwa na kumbukumbu ya Usui, si kama mkuu, si kama mwalimu, wala si kama mwanafunzi. Hata hilo neno "daktari" lina kasoro. Wajapani humwita Usui sensei, neno wanalompa mwalimu wa shule, mwalimu wa judo na tabibu pia, na aliyelifasiri kuwa daktari alimvisha joho ambalo hakuwahi kulivaa.

Ushahidi bora tulio nao umechongwa kwenye jiwe. Katika makaburi ya hekalu la Kibuddha la Saihoji, jijini Tokyo, lipo jiwe refu la kumbukumbu ambalo wanafunzi wa Usui walilisimamisha mwaka 1927, mwaka mmoja tu baada ya kifo chake, wakati waliomfahamu kwa sura na sauti walikuwa bado hai. Jiwe hilo linaeleza kwamba alizaliwa mwaka 1865 katika mkoa wa Gifu, kwamba alisafiri hadi nchi za Magharibi na kusoma China, kwamba alipenda kusoma historia, vitabu vya tiba, na maandiko ya Kibuddha pamoja na ya Kikristo, na kwamba alipanda mlima Kurama, kaskazini ya Kyoto, akafunga kwa siku 21 hadi akahisi nguvu ya reiki juu ya kichwa chake. Mwaka 1922 alianzisha chama chake jijini Tokyo, na baada ya tetemeko kubwa la Septemba 1923 alizunguka mjini kuwahudumia majeruhi. Wanafunzi aliowafundisha, kwa mujibu wa jiwe hilo, walizidi 2,000. Doshisha haitajwi. Chicago haitajwi. Kusoma maandiko ya Kikristo kunatajwa, lakini kusoma Biblia hakumfanyi mtu kuwa Mkristo, kama vile kuisoma Kurani hakumfanyi mtu kuwa Mwislamu.

Kisa hicho kilitoka wapi, basi? Kilienea kupitia Bi. Hawayo Takata, mzaliwa wa Hawaii, mtoto wa wahamiaji wa Kijapani, ambaye nasema kwa heshima zote kwamba bila yeye wengi wetu tusingelijua hata neno reiki. Alikwenda Tokyo mwaka 1935 akiwa mgonjwa, akatibiwa na kufundishwa katika kliniki ya Chujiro Hayashi, afisa mstaafu wa jeshi la majini aliyekuwa mwanafunzi wa Usui, na mwaka 1938 Hayashi akamtambua kuwa mwalimu kamili. Miaka mitatu baadaye Japani iliishambulia Pearl Harbor, kituo cha jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, na Mjapani wa Hawaii akawa mtu wa kushukiwa nchini mwake mwenyewe. Mimi naamini ni katika hali hiyo, mbele ya wagonjwa Wakristo, ndipo Usui alipovishwa Ukristo ili tiba yake ipokelewe. Ninamwelewa Bi. Takata. Lakini sisi hatuna vita wala kisingizio, na tangu miaka ya 1990, habari za jiwe la Saihoji zilipoanza kusomwa nje ya Japani, anayeendelea kukisimulia kisa hicho darasani anawadanganya wanafunzi wake.

Kuna anayeweza kuniuliza hilo linamdhuru nani. Linamdhuru muumini, kwa sababu linamnyima haki ya kuamua akiwa na taarifa kamili. Mwezi Machi 2009 maaskofu Wakatoliki wa Marekani walitoa mwongozo unaosema kwamba reiki haifai kutumiwa katika taasisi za Kanisa. Sikubaliani na kila hoja iliyomo, ila Mkatoliki anayelala kitandani kwangu anastahili kuyajua hayo kabla hajafumba macho. Yule mama nilimweleza yote. Alinyamaza kidogo, akavaa viatu, akasema, "Mwalimu, ngoja kwanza nikaongee na padri wangu." Nilimsindikiza mpaka mlangoni, na ada yake nikamrudishia.

Dhana ya kwamba reiki ni elimu ya Tibet yenye umri wa maelfu ya miaka sitaichukulia muda mrefu. Neno reiki ni la zamani na linaandikwa kwa herufi zilizotoka China, na katika Japani ya wakati huo waganga wa kuwekea mikono walikuwa wengi. Mmoja wao, Kawakami Mataji, alichapa kitabu kuhusu tiba ya reiki mwaka 1919, kabla Usui hajafungua mlango wake. Lakini mfumo huu tunaoufuata sisi ni wa mwaka 1922. Chakra saba, yaani vituo vya nguvu vinavyosemwa kuwa mwilini, nazo ni za Kihindi, na ziliunganishwa na reiki huko Magharibi baada ya Bi. Takata kufariki mwaka 1980.

Si kweli pia kwamba reiki ilikufa Japani baada ya vita ikaokolewa na Wamarekani, kwani chama cha Usui kiliendelea kimyakimya chini ya viongozi wake. Kwa sababu hiyo huwasihi wanaotafuta mwalimu waulize silsila yake: nani alimfundisha, na huyo alifundishwa na nani, mpaka afike kwa Hayashi au kwa Usui mwenyewe. Mwalimu asiyeweza kuitaja silsila yake bila kubabaika, msimlipe.

Lililobaki ni la wale wanaoambiwa kwamba reiki huponya saratani au kisukari, hivyo waache dawa. Tathmini ya mwaka 2015 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, kuhusu wasiwasi na sonona ilikuta tafiti tatu tu zenye jumla ya watu 124, na ikahitimisha kwamba ushahidi hautoshi kusema kama reiki inafaa au haifai hata kwa hayo. Ninachokiona mimi kwa macho yangu ni watu kutulia, kupumua taratibu na mara nyingine kusinzia, na hicho ndicho ninachowaahidi. Usui mwenyewe alifariki kwa kiharusi mwezi Machi 1926, akiwa na miaka 60. Kila mgonjwa anayeingia kwangu, kabla sijamwekea mkono, humuuliza dozi ya leo ameimeza saa ngapi.