"Kama nilivyopokea" si kinga mbele ya sheria

Wanaofika kwenye meza yetu ya msaada wa kisheria kwa mambo ya mitandao siku hizi ni wengi kuliko wenye migogoro ya viwanja, na hilo si jambo dogo kwa anayeijua migogoro ya viwanja. Wengine wameitwa polisi kwa ujumbe waliousambaza WhatsApp, chini yake wakiwa wameandika "kama nilivyopokea". Wengine wametukanwa mtandaoni na wanataka aliyewatukana akamatwe leo leo. Wa kwanza anashika Ibara ya 18 ya Katiba ya Tanzania, inayompa uhuru wa maoni; wa pili anashika Sheria ya Makosa ya Mtandao. Kila mmoja amesoma nusu. Ninachoandika hapa ni elimu ya jumla, hakichukui nafasi ya ushauri wa wakili kwa shauri lako.

Kifungu kinachoulizwa zaidi ni cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao, Na. 14 ya 2015, kinachohusu taarifa za uongo. Naomba kisomwe chote, maana kwenye mitandao husambazwa nusu yake ya kwanza tu. Kosa halikamiliki kwa taarifa kuwa ya uongo peke yake. Upande wa mashtaka unapaswa kuthibitisha kwamba uliichapisha ukijua kuwa ni ya uongo, inapotosha au si sahihi, na kwamba ulikuwa na nia: kukashifu, kutishia, kutukana, kudanganya umma au kuficha kosa. Aliyekosea kwa dhati hajatenda kosa hili. Nalisema hili wazi kwa sababu wapo wanaokaa kimya kwa woga hata pale ambapo sheria haijawagusa.

Sasa upande wa pili. Sheria hiyohiyo inapotafsiri kuchapisha, inaingiza ndani yake kusambaza, kupeleka na kuzungusha. Kufowadi ni kuchapisha. Yale maneno ambayo Watanzania tumeyafanya kama muhuri, "kama nilivyopokea", hayamo popote kwenye sheria kama utetezi. Wakili mzuri anaweza kuyatumia kuonyesha kwamba mteja wake hakuujua ukweli. Mwendesha mashtaka mzuri naye atauliza: kama hukuwa na shaka, kwa nini ulijihami?

Chukulia kundi la wazazi wa darasa la nne. Saa tatu usiku mama mmoja anatuma ujumbe kuwa watoto wawili wa shule wamefariki kwa kipindupindu na mwalimu mkuu anaficha. Dakika kumi baadaye mwalimu wa darasa anajibu humohumo kwamba si kweli, watoto wote wapo. Alama mbili za bluu zinaonyesha mama amesoma. Kisha anaupeleka ujumbe uleule kwenye kundi la mtaa na la kikoba, na chini anaandika "kama nilivyopokea". Alipoutuma mara ya kwanza, tungebishana kuhusu alichokuwa anakijua. Mara ya pili simu yake mwenyewe inamtolea ushahidi.

Adhabu ya kifungu cha 16 ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote pamoja. Neno "isiyopungua" watu hulipita kama koma. Hiyo ni sakafu. Hakimu akikutia hatiani na kuchagua faini, haanzii laki mbili kwa kuwa una watoto wanaosoma. Anaanzia milioni 5. Kwa kulinganisha, Kenya ilipotunga sheria yake ya makosa ya kompyuta na mtandao mwaka 2018, adhabu iliandikwa kwa "isiyozidi", yaani dari, na hakimu akaachiwa nafasi ya kushuka. Kama kuna mahali ambapo wakosoaji wa sheria yetu wana hoja nzito, kwa maoni yangu binafsi ni hapa: kiwango cha chini kinamfunga hakimu mikono, na dereva wa bodaboda anapimwa kwa mizani moja na mwenye kampuni. Lakini hilo linapelekwa bungeni na mahakamani. Halimsaidii mtu aliyekwisha kusomewa shtaka.

Kusumbua mtu kwa ujumbe wa kutisha, kumlazimisha au kumpa msongo kwa makusudi ni kosa la kifungu cha 23, na adhabu yake ni ileile, milioni 5 au miaka 3 kwenda juu. Anayesambaza picha za ngono yuko kwenye kifungu cha 14, ambako faini huanzia shilingi milioni 20 na kifungo miaka 7. Ikiwa aliyepo kwenye picha ni mtoto, ni kifungu cha 13, na faini huanzia milioni 50. Hata anayeituma picha ya mtoto aliyefanyiwa ukatili "ili mhusika akamatwe" anasambaza. Picha hiyo mpelekee polisi mkononi, usiipitishe kundini.

Kuhusu leseni ya kuchapisha maudhui mtandaoni, naona tunajirudia kila mwaka. Huhitaji leseni kuwa na ukurasa wako Instagram, wala kuwa admini wa kundi la ukoo. Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2018 zilitupa wavu mpana, zikawagusa hata wenye blogu za mapishi, kwa ada ya maombi ya shilingi 100,000, ya leseni milioni 1, na milioni 1 nyingine kila mwaka. Zikafutwa na kanuni za 2020, nazo zikarekebishwa 2022, na hitaji la leseni likabaki kwa wanaotoa habari na matukio. Mafunzo na burudani yakatoka. Kwa hiyo anayeendelea kulalamika leo kwamba "serikali inatoza milioni kwa kila blogu" analalamikia kanuni iliyokwisha kufa. Marufuku ya maudhui yaliyokatazwa, hata hivyo, yanamhusu kila mtu, mwenye leseni na asiye nayo.

Kuna jingine linalonichosha, niseme tu ukweli. Mtu anakuja na skrinishoti inayosema "mahakama imeshafuta hiyo sheria". Ukiisoma vizuri ni mahakama ya Nairobi. Ni kweli, Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu ya Kenya alitamka kwamba kifungu cha 29 cha sheria ya habari na mawasiliano ya nchi hiyo kinapingana na Katiba yao. Ni kweli pia kwamba marekebisho ya sheria yao ya mtandao yaliyosainiwa tarehe 15 Oktoba 2025 yalisimamishwa kwa sehemu na mahakama wiki moja baadaye. Wakili wako anaweza kuzisoma hukumu hizo mbele ya hakimu wa Kinondoni kama hoja ya kushawishi. Haziwezi kumlazimisha hakimu kuzifuata.

Hapa kwetu, Jamii Media, wenye mtandao wa JamiiForums, waliipinga mahakamani sheria ya 2015, hasa kifungu cha 32 kinachompa mkuu wa kituo cha polisi, au afisa wa ngazi hiyo, uwezo wa kuamuru taarifa zitolewe. Machi 2017 Mahakama Kuu haikukubaliana nao, na kifungu kikabaki. Mjadala haukuishia hapo, na si kazi yangu kuufunga: wapo wanasheria ninaowaheshimu wanaoona amri ya namna hiyo ingepitia kwa hakimu kwanza, na wapo wapelelezi watakaokuambia kwamba data hufutwa kabla karani hajafungua jalada. Hukumu ya Mahakama ya Afrika Mashariki ya tarehe 28 Machi 2019, ambayo nayo huletwa mezani, ilihusu Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Ni sheria nyingine. Marekebisho ya 2023 yaliiondoa kashfa kwenye jinai za sheria hiyo ya habari. Hayakugusa kifungu cha 16 nilichokieleza juu.

Wewe uliyetukanwa, kumbuka kwanza kwamba kuchukizwa si ushahidi. Kuambiwa hujui kuimba, au kwamba diwani wako hafanyi kazi, ni maoni. Kama ni tishio, picha ya faragha au uongo wenye nia mbaya, usifute mazungumzo hata kama yanakuumiza, na usibadilishe simu. Skrinishoti ionyeshe namba au jina la akaunti, tarehe na saa. Tunaletewa karatasi zilizokatwa juu, tusi limebaki na mtumaji hayupo. Nakili kiungo cha chapisho. Usijibu kwa matusi, maana jalada litakuwa na watuhumiwa wawili. Nenda kituo cha polisi kilicho karibu, utoe maelezo na upewe RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yako. Kituo ndicho kitakachowasiliana na wapelelezi wa makosa ya mtandao. TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, haikamati mtu. Inashughulika na wenye leseni, kupitia Kamati yake ya Maudhui, na asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa Baraza la Ushindani. Ujumbe wa kitapeli wa "ile hela tuma kwa namba hii" unapelekwa 15040, kisha unatuma hapohapo namba ya tapeli.

Waliodhalilishwa na programu za mikopo, zile zinazotuma picha yako kwa kila namba iliyo kwenye simu yako, wana mlango mwingine: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya 2022 iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Benki Kuu ilitangaza Novemba 2024 majina ya programu 69 zisizo na leseni. Angalia kwanza kama yako imo, kisha uje na ujumbe waliopokea ndugu zako, kutoka kwenye simu zao wao.