Maana ya bima ya kazini mahali penye hospitali ya serikali

Mgonjwa anapofika mapokezi ya hospitali ya rufaa ya mkoa, iwe Ligula pale Mtwara au Sokoine pale Lindi, mara nyingi huulizwa analipaje kabla hajaulizwa anaumwa nini: taslimu, bima au msamaha. Bima ya afya ya kazini ni jibu mojawapo la swali hilo. Ni mkataba ambao mwajiri ameulipia mapema ili mfanyakazi na wategemezi wake wakiugua, ankara ipelekwe kwa kampuni ya bima. Kampuni hiyo haina kitanda, haina mganga, wala haina mtungi wa oksijeni. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu wengi wetu huizungumzia kadi kana kwamba ni hospitali ya pili, na mkanganyiko mwingi huanzia hapo.

Kuna mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa: nani mwenye kituo na nani mlipaji. Ligula, Sokoine na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo ni za serikali. Ndanda na Nyangao ni za kanisa. Mwenye kadi ya kampuni binafsi anaweza kulazwa katika hospitali ya serikali maadamu hospitali hiyo imo katika orodha ya kampuni yake, na mtumishi wa umma mwenye kadi ya Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya anaweza kutibiwa Ndanda. Huku kusini, ambako vituo vya watu binafsi si vingi kama Dar es Salaam, kadi ya kampuni mara nyingi humrudisha mwenyewe kwenye wodi ileile anayolazwa jirani yake aliyelipa taslimu.

Hali haikuwa hivi siku zote. Mwaka 1977 sheria ilizuia hospitali za watu binafsi za kujipatia faida, na zikaruhusiwa tena mwaka 1991. Mwaka 1993 hospitali za serikali zilianza kutoza sehemu ya gharama, na ndipo swali la mlipaji lilipopata uzito. Sheria ya Mfuko wa Taifa ilitungwa mwaka 1999, nao ukaanza kazi mwaka 2001, ukichangiwa asilimia 6 ya mshahara wa mtumishi wa umma: nusu yake mwenyewe, nusu mwajiri wake.

Chukua nyumba moja ya Mtwara ambayo mke ni mwalimu wa shule ya msingi na mume ni fundi wa mitambo katika kiwanda cha saruji. Mke ana kadi ya Mfuko, mume ana kadi ya kampuni binafsi, na watoto wameandikwa kwenye kadi zote mbili. Je, mtoto akilazwa, wanapata mara mbili? Hapana. Bima ya matibabu hufuata kanuni ya fidia, yaani humrudisha mtu pale alipokuwa bila kumtajirisha, na ankara moja hailipwi mara mbili. Tuseme ankara ni shilingi 800,000, na kikomo cha kulazwa, yaani kiasi cha juu ambacho kampuni hulipia, kilichobaki kwenye kadi ya baba ni 500,000. Kadi ya mama inaweza kusaidia zile 300,000 zilizobaki, ikiwa tu kituo kinapokea kadi zote mbili na huduma yenyewe imo katika mafao ya Mfuko. Ndiyo sababu inafaa kutaja kadi zote mbili dirishani siku ya kwanza, kwa kuwa kurekebisha madai mgonjwa akisharuhusiwa ni kazi ngumu.

Neno linalostahili kusomwa kwa makini katika mkataba wa kazini ni kikomo. Kwa kawaida matibabu ya nje yana kiasi chake kwa mwaka, kulazwa kuna chake, na meno na macho huwekwa kando kwa kiasi kidogo. Upasuaji usio wa dharura huhitaji idhini ya kampuni, na idhini inaweza kuchelewa hadi kesho yake kwa sababu mtandao haupo au kadi haisomi.

Kuna huduma ambazo kadi haizihusu kabisa. Dawa za kifua kikuu, dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI na chanjo za watoto hutolewa bure kupitia mipango ya taifa, na sera ya serikali inawasamehe wajawazito, watoto wa chini ya miaka mitano na wazee wasiojiweza. Kwa hiyo hata mke wa meneja hubeba kadi ya kliniki na kupanga foleni kwenye benchi la zahanati, na sioni ajabu yoyote katika hilo. Aliyeumia kazini naye ana njia yake, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ambao huchangiwa na mwajiri peke yake. Kuyapitisha matibabu ya ajali hiyo kwenye kadi ya kawaida ni kuumaliza bure uwezo wa familia.

Bima ya kazini hufungamana na ajira. Kwa vibarua wa bandarini wakati wa msimu wa korosho huenda isiwepo kabisa, na kwa wenye mikataba ya muda kwenye miradi ya gesi huisha pamoja na mkataba. Mwenye ugonjwa wa kisukari au shinikizo la damu aliyezoea kuchukua dawa kwa kadi anapaswa kuwa na faili katika kituo cha serikali kabla ya mwezi wa mwisho wa mshahara.

Halafu kuna fomu ya wategemezi. Ina nafasi ya mwenzi, nafasi za watoto na, katika baadhi ya mikataba, ya wazazi. Kwa Wamakonde, Wamakua na Wamwera, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, mjomba ndiye anayetazamiwa mpwa akiugua, lakini fomu haimtambui mpwa. Mjomba mwenye kadi nzuri mfukoni ndiye huyo anayetoa fedha taslimu dirishani, au anayeikatia nyumba ya dada yake bima ya CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo iliwekewa kiwango cha shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6.