Jozi mkononi: hesabu flopu zinazokukosa

Umepewa 7 mbili katika Texas Hold'em, aina ya poka ambayo kila mchezaji hupewa karata mbili. Kuna uwezekano gani wa kuona 7 nyingine kwenye flopu, yaani karata tatu za kwanza zinazofunguliwa mezani? Wengi hupiga hesabu ya haraka: zimebaki 7 mbili, karata usizoziona ni 50, flopu ni karata tatu, basi 2/50 mara 3, asilimia 12. Jibu liko karibu na ukweli, ila njia yake ina kasoro. Flopu yenye 7 zote mbili imehesabiwa mara mbili. Flopu za namna hiyo ni 48 kati ya 19,600.

Ni rahisi zaidi kuhesabu kukosa. Karata ya kwanza isiwe 7: 48/50. Ya pili: 47/49. Ya tatu: 46/48. Zidisha zote, unapata 0.8824. Toa kwenye 1, inabaki asilimia 11.76, yaani takriban mara moja katika flopu 8.5. Ukifika hadi karata ya tano mezani, inapanda hadi 19.2.

Hapa ndipo ubishi huanza: kama mko wachezaji tisa, mbona tunagawa kwa 50 na si kwa 34, yaani 52 ukitoa 18 zilizo mikononi? Kwa sababu karata za wenzako hujaziona. 7 yako inaweza kuwa mikononi mwao au kwenye rundo, na kwako hali hizo mbili hazina tofauti. Punguza tu karata uliyoiona kwa macho.

Ree na mfalme huhesabiwa vivyo hivyo. Zimebaki karata sita za kukupa jozi, kwa hiyo kukosa ni 44/50 × 43/49 × 42/48, asilimia 67.6. Hata mkono huo mzuri hutoka mtupu kwenye flopu mbili kati ya tatu.

Karata mbili za shupaza mkononi, ukitumaini kufikisha shupaza tano, ndizo hudanganya watu zaidi. Flopu yenye shupaza tatu huja asilimia 0.84 tu. Yenye shupaza mbili, inayokuacha ukisubiri moja, huja asilimia 10.9. Ukifika hapo una karata tisa za kukuokoa kati ya 47. Kukosa mara mbili ni 38/47 × 37/46, hivyo kupata ni asilimia 35.

Mezani hakuna muda wa kuzidisha sehemu, ndiyo maana watu huzidisha karata za kuokoa kwa 4 zikibaki mbili za kufunguliwa, kwa 2 ikibaki moja. Kwa tisa unapata 36, sawa tu. Kwa 15 unapata 60 wakati ukweli ni 54.1, kwa sababu ileile ya kuhesabu mara mbili. Tena, 4 ni ya anayejua ataziona karata zote mbili bila kulipa zaidi, mfano ameshaweka chipsi zake zote. Kama dau jingine linakuja baada ya karata ya nne, tumia 2.